Pedali ya Baiskeli Yako ya Tizi Imeanza Kucheza? Ibadilishe Hivi Kabla Iharibu Kranki

Baiskeli za mazoezi zimejaa kwa keja za watu. Wengine walibuy 2020 enzi za korona, jimu zikiwa zimefungwa. Wengine wameokota mtumba juzi kwa msee alikuwa anahama. Zote zikishazeeka, mahali pa kwanza kulia ni pedali. Unaskia tak, tak kila mguu ukishuka, kiatu kinateleza upande, na ule mkanda wa kushika mguu ulikatika kitambo ukaufunga na kamba ya kiatu. Unazoea. Alafu siku moja umesimama juu unasukuma kwa nguvu zote, pedali inachomoka, na muundi wako unapatana na chuma. Hio si stori ya kucheka.

Kubadilisha pedali ni kazi ya kama dakika 20, na unaweza jifanyia mwenyewe. Lakini kuna siri moja kuhusu ile ya kushoto. Usipoijua, utaharibu kitu cha bei kali kuliko pedali yenyewe.

Hakikisha kwanza mchawi ni pedali

Si kila kelele hutoka hapo. Shika kranki, yaani ule mkono wa chuma unaobeba pedali, uutingishe kando kwa kando bila kugusa pedali. Ikicheza hapo, shida ni bolti ya katikati imelegea, ama beringi za ndani zimeisha. Pedali mpya haitasaidia.

Kranki ikiwa imetulia, sasa tingisha pedali yenyewe. Ikiyumba kwa ekseli yake, ikizunguka kwa kukwaruza kama imejaa mchanga, ama plastiki ikiwa imepasuka, umepata mwizi. Ka ni mkanda tu umekatika, tafuta mkanda peke yake kwanza. Usitupe doh bure.

Usibuy kwa macho

Pedali zote zinakaa ndugu, lakini kuna saizi mbili ndio zimeshika soko. Ya kwanza ni inchi 9/16, na hio ndio iko kwa baiskeli nyingi za watu wazima na pia mashine nyingi za mazoezi. Ya pili ni inchi 1/2. Hio utaipata kwa baiskeli nyingi za watoto, na kwa mashine kadhaa za nyumbani, haswa zile za bei ya chini.

Kwa rula, 9/16 ni kama milimita 14, na 1/2 ni karibu milimita 13. Tofauti ni kidogo sana, kwa hivyo usikisie. Toa ile ya zamani na uende nayo dukani. Waambie unadai yenye ekseli ya unene kama huo. Ile ya 9/16 haiwezi ingia shimo la 1/2, na ukiilazimisha utapasua kitu. Ile ya 1/2 kwa shimo la 9/16 nayo inaogelea tu.

Cheki pia kama ziko mbili, moja imeandikwa L na ingine R, mara nyingi mwisho wa ekseli. L ni ya kushoto, R ni ya kulia. Na kushoto ni kushoto kwako ukiwa umekalia, si ukiwa umesimama mbele ya mashine.

Ile siri ya kushoto

Pedali ya kulia ina thredi ya kawaida, kama kifuniko cha chupa: kuelekea saa inafunga, kinyume cha saa inafungua. Ya kushoto iko mbaya mbovu, yaani imepinduliwa. Ukiizungusha kinyume cha saa inafunga, ukielekea saa inafungua.

Mafundi hawakufanya hivo kusumbua watu. Chukua kalamu, ishike kwa ngumi ukiwa umelegeza kidogo, alafu zungusha ncha yake kama unachora duara hewani. Utaona kalamu inajizungusha ndani ya ngumi, na inaenda upande ule mwingine. Ekseli ya pedali nayo inafinywa hivo hivo na mguu wako, pande zote, kila ukizunguka. Thredi za pande zote mbili zingekuwa sawa, moja ingejifungua polepole ukiwa unapiga tizi. Kwa hivyo wakageuza ya kushoto, na sasa zote mbili zinajikaza ukienda mbele.

Ukisahau haya yote, kumbuka moja tu. Weka spana ikiwa imesimama, mkia wake ukiangalia juu. Ukiuvuta kuelekea nyuma ya mashine, unafungua. Ukiusukuma kuelekea mbele, unafunga. Inashika kulia na kushoto.

Sasa kazi

Nyingi zinataka spana ya 15. Zingine hazina mahali pa spana, kwa hivyo angalia nyuma ya kranki. Ukiona tundu la pembe sita, unahitaji alenki, na mara nyingi ni ya 6 ama 8.

Ka mashine yako ni ya lile gurudumu zito la mbele, kaza breki kabla uanze. Kwa nyingi za hio design, gurudumu likizunguka pedali pia zinazunguka, na vidole havina spea. Watoto wakae kando.

Mwambie mtu ashike pedali ya upande ule mwingine ndio kranki isizunguke. Ingiza spana hadi ishike vizuri, alafu sukuma pole lakini kwa uzito. Usivute kwa mshtuko, ju ikiteleza utachubua ngumi.

Ikikataa kutoka, usiwe na hasira. Kwanza jiulize kama unazungusha upande sawa, haswa kushoto. Ukishajua uko sawa, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, WD-40 ama kitu kama hio, pande zote za shimo. Iache ilale usiku. Asubuhi jaribu na spana yenye mkono mrefu.

Ikishatoka, futa shimo na kitambaa hadi thredi zing'ae. Paka grisi kidogo kwa thredi za pedali mpya. Hio grisi ndio itafanya mwaka ujao usipigane nayo.

Hapa ndipo watu huchoma. Anza kufunga na vidole, si spana. Inafaa iingie mizunguko kadhaa bila kubishana. Ikikwama mapema, iko mshazari ama umechanganya L na R. Itoe, uanze upya. Ukiweka spana hapo na ulazimishe, chuma cha pedali kitakula thredi za kranki, na sasa utakuwa unatafuta kranki nzima. Kwa mashine ya mtumba isiyojulikana ilitoka wapi, hio spea ni ngumu kupata.

Ikishaingia hadi mwisho, kaza na spana vizuri. Kusiwe na pengo kati ya pedali na kranki. Panda, piga tizi siku mbili tatu, alafu kaza tena.

Na ka thredi zishaenda?

Kuna msee atakwambia, "Leta nichomelee, itashika." Kataa. Ule moto utachoma grisi na beringi za pedali, na siku ikiisha tena huwezi itoa. Tafuta fundi wa kuchonga chuma, yule ana mashine. Anaweza panua shimo na kuweka kipande kipya chenye thredi. Ka kranki imepasuka, hio haina dawa, badilisha tu.

Lakini pedali ikipatikana ikiwa imelegea tu, hautafika huko. Kwa hivyo leo kabla upande, itingishe. Ikicheza, usipande. Spana ya 15, grisi kidogo, na ukumbuke nyuma ni kufungua, mbele ni kufunga.