Msumeno wa Duara wa Kukatia Kuni na Matumizi Yake Katika Vyama vya Msingi

Kwa mkulima wa tumbaku ya mvuke, kuni ni gharama ya uzalishaji kama ilivyo mbolea, ingawa hazionekani katika hesabu anayokatwa siku ya malipo. Huonekana katika siku za kazi zilizopotea kwa shoka, katika moto unaofuka moshi badala ya kuwaka, na katika majani yaliyoharibika ndani ya bani kwa sababu joto lilipanda na kushuka pasipo kutawaliwa. Vyama vinavyopanda mikaratusi kwa ajili ya mabani ya wanachama wao huuliza mara kwa mara kama yafaa kununua mashine ya kukatia magogo. Jibu hutegemea mambo ambayo katibu anaweza kuyapima mwenyewe kabla ya kuyafikisha katika Mkutano Mkuu.

Yafaa kueleza kwanza sababu ya kukata gogo vipande vifupi. Mti uliokatwa leo una maji ambayo aghalabu hukaribia nusu ya uzito wake wote. Maji hayo hutoka kwa urahisi zaidi kwa kufuata nyuzi za mti hadi kwenye ncha zilizokatwa, na hutoka kwa shida sana kupitia ubavuni, hasa gome likiwapo. Gogo la mita 2 lenye gome lake huweza kulala nje kiangazi chote na moyo wake ukabaki mbichi. Gogo hilohilo likikatwa vipande vya sentimita 33 na kupasuliwa, hukauka kwa miezi michache ya jua na upepo, mradi rundo liwe juu ya fito, lisiguse udongo, na lifunikwe upande wa juu tu.

Faida yake huhesabika. Tani moja ya kuni ambazo nusu ya uzito wake ni maji ina kilo 500 za maji, na maji hayo yote hayana budi kugeuzwa mvuke ndani ya tanuri kabla joto halijalifikia jani. Kazi hiyo peke yake hula joto la karibu kilo 80 za kuni kavu. Hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba tanuri lenye kuni mbichi halipati moto mkali, na sehemu ya kuni hupanda kwenye dohani kama moshi na kuganda kama lami. Kilo moja ya kuni zenye maji asilimia 20 hutoa joto linalokaribia mara mbili ya lile la kilo moja ya kuni zenye maji asilimia 50.

Kuna na sababu ya ubora wa zao. Ukaushaji huanza kwa joto la sentigredi 35 hadi 38 majani yakiwa yanageuka manjano, kisha joto hupandishwa polepole kwa siku kadhaa hadi kufikia 70 au zaidi kidogo ili kukausha uti wa jani. Mtunza bani mwenye vipande vifupi vya ukubwa mmoja huongeza kuni mbili au tatu akapata joto alitakalo. Aliyesukuma gogo zima katika tanuri hana la kufanya gogo hilo likishika moto saa nane za usiku.

Sasa mashine yenyewe. Iliyo rahisi kuliko zote ina bamba la chuma la mviringo lenye meno pembezoni, lililofungwa katika mhimili, na mbele yake kitanda cha chuma kinachobembea. Gogo hulazwa juu ya kitanda, likashikwa na meno madogo yaliyomo humo ili lisizunguke, kisha mwendeshaji husukuma kitanda kuelekea kwenye msumeno. Akikiachia, springi hukirudisha mahali pake na kinga hufunika meno. Wakulima wa Ujerumani na Austria wametumia mashine za namna hii kwa miongo mingi. Msumeno wa duara wenyewe ni wa zamani zaidi: Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, aliutaja katika hataza aliyopewa mwaka 1777.

Mashine iliyo kubwa zaidi hukata na kupasua kwa mfuatano. Gogo refu huvutwa na mkanda hadi kwenye kipimo cha urefu, msumeno hushuka na kukata, kipande huangukia katika mfereji, na pistoni inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta hukisukuma juu ya kabari yenye makali manne au sita. Kuni zilizopasuliwa huchukuliwa na mkanda mwingine hadi kwenye tela. Mashine hizo hutengenezwa sana Finland na Austria, na ni nzuri kwa mtu anayeuza kuni mwaka mzima. Kwa chama chenye kazi ya miezi miwili ni mali kubwa kupita haja yake.

Ipo aina ya tatu, isiyojulikana sana: mihimili miwili inayozunguka kwa kuelekeana, kila mmoja ukiwa na visu vinene. Tawi likiingizwa kati yake huvutwa na kukatwa vipande vifupi pasipo mtu kulisukuma. Mihimili huenda polepole, na mashine nyingi za aina hii hazipokei mti mnene kupita sentimita 8 hadi 16. Haifai kwa magogo ya mkaratusi. Lakini vyama vya kahawa, ambavyo wanachama wake hupogoa migrivea na mibuni kila mwaka, vingefanya vema kuifikiria, kwa kuwa matawi hayo huishia kuchomwa shambani au kubebwa kichwani.

Nguvu ya msumeno wa duara hutoka katika injini yake yenyewe, katika mota ya umeme, au katika shafti ya nguvu iliyo nyuma ya trekta. Shafti hiyo, kwa kawaida, huzunguka mara 540 kwa dakika, na mikanda au giabox ya mashine huongeza mwendo. Bamba la kipenyo cha sentimita 70 likizunguka mara 1,400 kwa dakika, kila jino husafiri mita 51 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Hapa ndipo mafundi wengine hukosea. Bamba likivunjika, hutafutwa jingine lolote linaloingia katika mhimili. Bamba la sentimita 90 kwa mizunguko ileile hufikia zaidi ya kilomita 230 kwa saa, kinga haliwezi tena kulifunika, na huenda bamba lenyewe halikutengenezwa kustahimili mwendo huo. Kila bamba halali limechorwa kipenyo chake na idadi ya mizunguko isiyoruhusiwa kuzidishwa. Lisilo na maandishi hayo lisipokewe, hata likitolewa bure.

Kadhalika isidhaniwe kwamba bamba la sentimita 70 hukata gogo la sentimita 70. Katikati ya bamba imeshikwa na visahani vya mhimili, hivyo unene unaokatwa kwa mara moja ni karibu robo ya mita tu. Magogo manene zaidi hayana budi kupasuliwa kwanza kwa nyundo na kabari.

Mkaratusi hukatwa na kupasuliwa kwa urahisi ungali mbichi. Ukikauka huwa mgumu na hula meno. Kwa hiyo kazi ifanywe mara baada ya kuangusha miti, mwanzoni mwa kiangazi, na ukaushaji ufuate. Adui mkubwa wa meno ni mchanga. Magogo yaliyoburutwa chini katika ardhi ya kichanga kama ile ya Tabora na Urambo huingiza chembe katika gome, na bamba lililonolewa asubuhi huwa butu kabla ya adhuhuri. Magogo yabebwe kwa tela, au gome libanduliwe. Kabla ya kununua, katibu aulize pia kama meno ni ya chuma cha kawaida, ambayo fundi wa kijijini huweza kuyanoa kwa tupa, au yametiwa vigae vya karbaidi ya tungsteni. Haya ya pili hukaa na makali muda mrefu zaidi, lakini hunolewa kwa gurudumu la almasi, na gurudumu hilo halipatikani kila mahali.

Jambo la hatari halitakiwi kupitiwa kwa haraka. Mkono uliokatwa na msumeno wa duara haurudi. Ajali nyingi za mashine za kuni hutokea watu wawili wanapogawana kazi moja: mmoja anaweka gogo, mwingine anasukuma kitanda, na ishara baina yao inakosewa. Kanuni ni kwamba anayeweka gogo ndiye anayesukuma, akiwa peke yake, na msaidizi anabaki upande wa kuleta magogo na kuondoa vipande, mbali na bamba. Tawi lililonasa halitolewi kwa mkono mpaka bamba lisimame kabisa, maana huendelea kuzunguka muda mrefu hata baada ya nguvu kukatwa. Trekta isimamishwe na ufunguo utolewe kabla ya mtu yeyote kugusa bamba au mkanda.

Shafti inayounganisha trekta na mashine imeumiza watu wengi ambao hawakuudhania ubaya wake. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde; kiungo chenye unene wa sentimita 10 kinaweza kukunja karibu mita 3 za nguo kwa sekunde moja. Koti lililo wazi, kanga iliyofungwa kiunoni, au kamba ya mfuko wa mbolea iliyotumika kama mshipi, hutosha. Shafti isiyo na kinga lake la plastiki isiendeshwe hata kwa dakika tano. Wauzaji wa mashine zilizotumika huko Ulaya aghalabu huzileta bila makinga, na bei huonekana nafuu kwa sababu hiyo.

Kuhusu gharama, uchukuliwe mfano ufuatao, ambao ni wa hesabu tu wala si bei ya soko. Mashine ya shilingi 12,000,000 inayotarajiwa kudumu miaka 8 hugharimu shilingi 1,500,000 kila mwaka hata ikilala ghalani. Ikifanya kazi saa 200 kwa mwaka, kila saa hubeba shilingi 7,500. Ikikata mita 4 za ujazo kwa saa, ni shilingi 1,875 kwa kila mita. Ikifanya kazi saa 50 tu, kila mita hubeba shilingi 7,500. Mafuta, ujira na kunoa bado havijahesabiwa. Mara nyingi chama kimoja hakina saa 200 za kazi. Vitatu au vinne jirani huwa nazo.

Wakulima wa nchi nyingine walikwisha kukabili tatizo hilo. Ufaransa ina vyama vya ushirika vya kutumia zana kwa pamoja, viitwavyo CUMA, vilivyoenea baada ya mwaka 1945. Wanachama wanne hutosha kuanzisha kimoja, na kila mwanachama hununua hisa kwa kadiri ya kazi anayoahidi kuipa zana husika. Asiyetimiza ahadi hulipa sehemu yake ya gharama. Huko Bavaria, Ujerumani, mwaka 1958, Erich Geiersberger alianzisha utaratibu tofauti: mashine hubaki mali ya mkulima mmoja, na ofisi ya umoja hupanga zamu na kusimamia malipo. Utaratibu wa kwanza unafaa zaidi kwa vyama vya msingi, kwa kuwa ahadi huandikwa kabla ya fedha kutolewa. Mahali ambapo kila mtu huafiki mkutanoni na asionekane siku ya kulipa, hilo si jambo dogo.

Ununuzi wenyewe hauna budi kuwamo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na mkopo usizidi ukomo wa madeni ulioidhinishwa kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Mkutano uelezwe pia kwamba mashine haiulizi gogo limetoka wapi. Msumeno uliowekwa kwa ajili ya mikaratusi ya chama utakata mninga na mtundu wa msitu wa asili kwa wepesi uleule, na mwenye kujibu mbele ya maofisa wa misitu atakuwa chama. Daftari la mashine lionyeshe jina la mwenye magogo na shamba yalikotoka.

Daftari hilo litamaliza na ugomvi mwingine, ule wa vipimo. Rundo la mita moja ya ujazo la magogo ya urefu wa mita moja, yakikatwa vipande vya sentimita 33 na kupangwa upya, hupungua na kuwa karibu robo tatu na ushei, yaani mita 0.8, kwa sababu vipande vifupi hulala karibu zaidi kuliko magogo yaliyopinda. Vipande hivyohivyo vikimwagwa ovyo katika tela hujaza mita 1.2 au zaidi. Mwanachama aliyeleta mita 10 akarudishiwa 8 atadhani ameibiwa, na dereva anayelipwa kwa ujazo wa tela atadai 12. Wote wana kuni zilezile. Kipimo kiwe kimoja, cha magogo yaliyopangwa kabla ya kukatwa, kikaandikwe mbele ya mwenye mali, naye aweke sahihi au dole gumba. Malipo ya kukata na ya kusafirisha yafuate tarakimu hiyo.

Msimu ukiisha, bamba lifunguliwe, lisafishwe utomvu, lipakwe mafuta na kutundikwa ghalani likiwa limefungwa kwa kufuli, ufunguo ukae kwa katibu. Mikanda ilegezwe, beringi zitiwe grisi, na siku ya kunoa iandikwe.