Kupanda Milima ya Uluguru

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wageni tu, nalo ni kupanda mlima pasipo shughuli ya shamba wala kuni, bali kwa kuuburudisha moyo na kuunyosha mwili. Mlima tuutakao ni Uluguru, usimamao kama ukuta nyuma ya mji wa Morogoro.

Njia ijulikanayo zaidi hutoka mjini, ikapita katika migomba na mboga za Waluguru hata Morningside, penye nyumba iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911. Juu yake huanza msitu, na juu ya msitu kuna kilele cha Bondwa, kilichopita mita 2,000, penye minara ya mawasiliano. Upande wa kusini kuna uwanda wa juu wa Lukwangule, na kilele cha Kimhandu, kirefu kuliko vyote, chenye zaidi ya mita 2,600.

Yafaa msafiri ajue tabia ya mlima kabla hajautia mguu. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, ukigonga mlima hupanda, na ukipanda hupoa, kisha unyevu ule huwa ukungu na mvua. Kwa sababu hiyo upande wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko wa magharibi. Tena kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6. Aliyetoka mjini akitokwa na jasho aweza kutetemeka kileleni, na ukungu ukishuka hataiona njia aliyojia.

Basi, afanyeje? Kwanza, apate kibali cha kuingia hifadhini. Pili, afuatane na mwenyeji ajuaye njia. Tatu, achukue nguo ya baridi, koti la mvua, chakula na maji, na viatu visivyoteleza. Nne, aondoke alfajiri, apate kurudi jua lingalipo. Mvua kubwa ikinyesha, arudi; mlima hauhami.

Mwenye subira huona mengi. Yumo ndege mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, aishiye katika msitu huu tu, wala hapatikani mahali pengine popote duniani. Mgeni akitembea kwa makelele hatamsikia.

Lakini liko jambo kubwa kupita burudani. Msitu hufanya kazi ya mtungi. Majani yaliyooza na mizizi hunywa maji ya mvua, kisha huyatoa polepole wakati wa kiangazi. Kutoka milima hii hutiririka mito iuingiayo Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo na watu wengi wa Dar es Salaam. Kwa hiyo msitu ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008. Moto mmoja ulioachwa na mpandaji mzembe waweza kuunguza miti ya miaka mingi, na hasara yake ikafika kwa mama achotaye maji mbali sana, asiyepata hata kuuona mlima.

Basi nendeni, mkautazame mlima kwa macho yenu. Msiwashe moto msituni, msikate mti wala kung'oa ua, na taka zenu mrudi nazo. Mgeni mwema hujulikana kwa jinsi alivyopaacha mahali alipopita.