Akili Unde na Safari ya Faili Yako

Mama anayetaka kufungua hoteli ndogo ya chakula huja ofisini akidhani kibali cha biashara ni fomu moja na malipo ya mara moja. Kumbe faili yake ina safari: dawati la leseni, afisa wa afya ya umma, ukaguzi wa zimamoto, malipo, kisha sahihi. Mara nyingi hata maafisa hujua kipande chao tu cha safari hiyo.

Ndiyo sababu taratibu za kazi huchorwa. Kuna alama za kimataifa ziitwazo BPMN, zilizokubaliwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2013. Duara ni mwanzo au mwisho, mstatili ni kazi ya kufanywa, na umbo la almasi ni mahali njia zinapogawanyika. Kazi hiyo ilihitaji mtaalamu na vikao vingi. Sasa afisa anaweza kueleza utaratibu kwa Kiswahili cha kawaida, na programu ya akili unde kama ChatGPT au Claude ikampa rasimu kwa dakika chache.

Ni rasimu tu. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi ya kila aina, na palipo na pengo hujaza kwa yale yanayofanana na ya ofisi nyingine. Zinaweza kuongeza idhini ya mkurugenzi ambayo hakuna sheria inayoidai. Linalotutia wasiwasi zaidi ni lile zinaloliacha. Afisa wa afya akiwa nyanjani, nani anaishika faili, na kwa siku ngapi? Mchoro utaonyesha mshale mmoja, ilhali kwa mama yule mshale huo ni nauli ya kuja ofisini mara tatu. Kwa hivyo, afisa aiambie programu iulize maswali kabla ya kuchora. Kisha mchoro usomwe na karani anayepokea fomu, na pia na mwombaji aliyewahi kusubiri.

Majina, nambari za vitambulisho na za simu za wananchi zisiingizwe humo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazilinda. Neno "mwombaji" latosha.

Mchoro uliokubaliwa ubandikwe ukutani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka, halali na zenye haki, na mwombaji akiona faili yake imekwama kwenye kisanduku cha tatu, atajua amuulize nani.