Biskuti Laini za Limau na Siagi, Hata kwa Jiko la Makaa



Ukipita Makueni, Machakos au Kilifi wakati wa msimu, utaona malimau yameanguka chini ya miti na hakuna anayejisumbua kuyaokota. Mengine hutoka kwa miti ambayo hakuna aliyeipanda akitaka malimau. Michungwa mingi ya kupandikizwa hapa kwetu huunganishwa juu ya shina la mlimau, ule wenye ganda la kukwaruza. Mchungwa ukifa sehemu ya juu, shina la chini huchipuka, na baada ya miaka michache mwenye shamba anashangaa ati mchungwa wake umegeuka mlimau. Haukugeuka. Mlimau ulikuwa pale chini tangu siku ya kwanza.

Malimau haya wengi wetu huyakamulia chai tukishikwa na mafua, au samaki, basi. Ganda hutupwa. Kumbe kwa mwokaji, ganda ndilo lenye thamani kuliko maji yake, na hapo ndipo tunataka kuanzia.

Swali tunaloulizwa na akina mama ni lile lile kila mara: mbona biskuti zangu hutoka ngumu kama kokoto? Ni swali la haki. Siagi, sukari na mayai ni vitu vya pesa. Mama akitumia pesa za mboga za siku mbili kununua pakiti ya siagi, kisha biskuti zikatoka nyeusi chini na mbichi juu, hatajaribu tena, na mzee naye hatakosa la kusema. Kwa hiyo tutaeleza vipimo, lakini zaidi tutaeleza sababu, maana anayejua sababu huweza kujirekebisha akiwa bado jikoni.

Kwa biskuti 24 hivi, tafuta siagi gramu 125 (yaani nusu ya kipande cha gramu 250), sukari gramu 150, yai 1, malimau 2, unga wa ngano gramu 220, konifulawa vijiko vikubwa 2, beking pauda kijiko kidogo 1 kilichosawazishwa, na chumvi kidogo tu. Kama huna mizani, chukua kikombe cha kujaa mililita 250. Sukari ni robo tatu ya kikombe hicho. Unga ni kikombe kimoja na robo tatu, uliotiwa kwa kijiko bila kushindiliwa. Ukiutumbukiza mkono wa kikombe ndani ya mfuko na kuubana, utapata unga mwingi kuliko unavyodhani, na huo ndio mwanzo wa ugumu.

Konifulawa tusemayo ni ile nyeupe laini inayouzwa kwa pakiti ndogo, ya kuzitia supu uzito. Si unga wa sima! Tunasema hivi kwa sababu majina yanachanganya watu. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya unga wa ngano. Unga wa ngano ukilowa maji na kukandwa, hujenga nyuzi za kunata, zile zinazofanya chapati ivutike bila kukatika. Kwa chapati ni jambo zuri. Kwa biskuti laini ni adui. Hivyo tunatia kitu kisichojenga nyuzi, na tukishachanganya unga hatukandi.

Siagi nayo ina maneno yake. Hapa Kenya twaita kila kitu cha kupaka mkate "siagi", lakini siagi ya maziwa na majarini si kitu kimoja. Siagi ya maziwa huwa na mafuta karibu asilimia 80, na sehemu kubwa ya inayobaki ni maji. Zile za kupaka, hasa zilizoandikwa kwamba zina mafuta kidogo, zina maji mengi zaidi, na biskuti zake husambaa motoni kama uji uliomwagika. Soma mkebe kabla ya kununua. Mwenye ng'ombe anaweza kutengeneza siagi yake: kusanya malai ya siku mbili tatu mahali penye baridi, yatikise ndani ya chupa au kibuyu hadi mafuta yajitenge, kisha yaoshe kwa maji baridi mara kadhaa hadi maji yatoke safi. Usipoyaosha, maziwa yaliyobaki ndani yatayachachusha upesi. Samli haifai hapa, kwa maana maji yake yamekwisha na haishiki hewa vizuri.

Sasa limau. Harufu yake imo katika vifuko vidogo vya mafuta kwenye ganda la nje, lile la manjano. Maji ya ndani yana uchachu, lakini harufu ni kidogo. Wanaoanza hukosea hapa. Wanaonja, wanasema limau halisikiki, wanaongeza maji ya limau, tena wanaongeza. Mchanganyiko unakuwa mwororo, wanaongeza unga, na mwisho wanatoa kitu kati ya keki na chapati. Wengine hutia soda ya kuokea, ile bikaboneti, ambayo kazi yake ni kupambana na uchachu. Robo kijiko kidogo chatosha kumaliza karibu uchachu wote wa kijiko kikubwa cha maji ya limau. Utabaki unashangaa limau lako limeenda wapi. (Na magadi ya kupikia githeri usiyatie kabisa, utakula sabuni.)

Basi osha malimau vizuri, yafute, ukwaruze ganda kwa matundu madogo ya kikwaruzio cha karoti. Manjano tu. Ukifika kwenye nyeupe, simama, maana nyeupe ni chungu. Changanya ganda hilo na sukari na uvisugue pamoja kwa vidole dakika moja au mbili. Sukari ni chembe kali, hupasua vile vifuko, na mafuta yake hunyonywa na sukari. Utasikia harufu nyumba nzima. Hatua hii watu huiruka, nasi twaona ndiyo inayotofautisha biskuti ya limau na biskuti tamu tu.

Siagi iwe laini ya kubonyezeka kwa kidole, lakini isiyeyuke. Ipige na ile sukari kwa mwiko hadi igeuke rangi na kuwa nyeupe nyeupe, dakika 5 au zaidi kwa mkono. Unachofanya ni kuingiza hewa, na siagi iliyoyeyuka haiwezi kuishika. Tia yai, piga tena. Tia kijiko kikubwa 1 cha maji ya limau, si zaidi. Kama mchanganyiko utaonekana umekatika kidogo usiogope, unga utaushika. Chekecha unga, konifulawa, beking pauda na chumvi pamoja, umimine, na ukoroge hadi usipoona tena unga mkavu. Hapo acha. Funika, uweke mahali baridi nusu saa. Kama huna friji, weka bakuli ndani ya karai la maji baridi. Siagi ikishikana tena, biskuti hazitasambaa ovyo. Watoto watataka kulamba mwiko, lakini kuna yai bichi na unga mbichi mle ndani, na vyote viwili huweza kuleta ugonjwa wa tumbo.

Wakati huo washa jiko. Chukua sufuria kubwa kuukuu yenye kitako kinene, utie mchanga mkavu safi kina cha vidole viwili, na mawe matatu madogo juu ya mchanga. Funika kwa sinia la bati au mfuniko ulio bapa na uweke makaa yaliyoshika juu yake. Wacha vipate moto dakika 15. Kanuni ya akina nyanya wetu wa keki ni moto mwingi juu na kidogo chini, na ni ya kweli, kwa sababu sufuria ya chini hugusana na moto moja kwa moja na huunguza haraka. Kupima, nyunyiza unga kidogo kwenye kifuniko cha mkebe, uweke ndani dakika 5. Ukiwa rangi ya dhahabu, moto ni sawa, karibu na digrii 180. Ukiwa kahawia ya kuiva sana, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ongeza ya juu.

Jambo moja hatutalipitia haraka. Makaa hutoa gesi isiyoonekana wala kunuka, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua. Kila msimu wa baridi, sehemu kama Limuru na Nyandarua, watu huingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Kuoka huchukua saa nzima na zaidi, huku makaa yakiwa juu na chini. Okea nje, au mlango na dirisha viwe wazi kabisa, na jiko lisilale ndani baadaye ati kwa sababu bado lina joto.

Viringisha donge ndogo kuliko ndimu kidogo, zipange kwenye sahani ya bati iliyopakwa siagi, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati yake. Sufuria moja itachukua 6 au 8 kwa mara moja, kwa hiyo utaoka mara tatu au nne. Dakika 10 hadi 12 zatosha.

Na hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri yote. Wanangoja biskuti ziwe kahawia. Mchanganyiko wenye uchachu wa limau hauchukui rangi upesi kama ule wa kawaida. Ukingoja kahawia, maji yote yatakuwa yamekwisha na utakuwa na kokoto zako tena. Angalia ukingo: ukishakauka na kuanza tu kubadilika, na katikati bado panaonekana rangi ile ile nyeupe na laini, toa. Utadhani ni mbichi. Ziache juu ya bati dakika 5, joto lililo ndani litamalizia kazi, kisha ndipo uziinue. Anayetaka uchachu zaidi apake juu, zikishapoa, sukari ya unga gramu 100 iliyokorogwa na kijiko kikubwa cha maji ya limau.

Kuhusu kuuza, tuseme ukweli. Kwa bei ya siagi, biskuti hizi haziwezi kushindana na pakiti za kiwandani pale dukani, wala na mandazi ya asubuhi. Aliye na mtaji wa mandazi asiuache. Soko lake ni oda za ubatizo, arusi, mahafali ya shule na wageni wa Krismasi, watu wanaolipia kitu kilichookwa siku hiyo. Ukipanga bei, jumlisha kila kitu pamoja na makaa, usafiri na saa zako, halafu ugawe kwa 20, si 24, maana mbili zitavunjika na mbili zitaliwa na watoto hata ukiwafukuza. Ukichanganya siagi na majarini ili kupunguza gharama, mwambie mnunuzi. Kabla ya kuuza mara kwa mara, mwone afisa wa afya wa eneo lako akueleze kuhusu cheti cha afya na leseni, na ukitaka kuzifunga pakiti na kuzipeleka madukani, utahitaji pia alama ya ubora ya KEBS.

Zihifadhi kwenye mkebe unaofunga vizuri, zikiwa zimepoa kabisa, la sivyo mvuke utaleta ukungu. Siku 4 au 5 zitakuwa bado laini. Ukiona zinaanza kukauka, weka kipande cha mkate ndani ya mkebe usiku mmoja. Zitavuta unyevu kutoka kwa mkate, na mkate ndio utakauka.