Kuifundisha redio ya sauti kutuma maandishi



Wengi wetu tumekulia karibu na foni. Asubuhi, saa ile iliyopangwa, fundi anawasha poste, anaita vituo kimoja kimoja, na habari za parokia, za shule na za hospitali zinavuka milima. Pale ambapo mtandao wa simu haufiki, au unakatwa wakati wa fujo, foni ndiyo inayobaki.

Lakini kila aliyeitumia anajua shida yake: sikio linakosea. Hesabu tunazisoma kwa Kifaransa, na katika kelele za hewani "treize" na "seize" ni kama mapacha. Imetokea kwetu. Kituo cha afya kiliomba karto 16 za dawa ya malaria ya watoto, aliyepokea akaandika 13. Hakuna aliyezembea. Aliyepokea alirudia hesabu kama desturi inavyotaka, na aliyetuma akasikia kile alichotazamia kusikia. Karto tatu zilikosekana, na gari lingine lilipanda baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo tunapenda kueleza kazi ambayo radioamateri, wale wanaofanya redio kwa kupenda kujifunza na wala si kwa faida, wameizoea kwa miaka mingi: kuifanya redio ya sauti itume maandishi kwa pakiti.

Pakiti ni nini?

Radioamateri wa Montreal, nchini Kanada, ndio walioonyesha kazi hii hewani tarehe 31 Mei 1978. Mwaka 1984 kanuni zake ziliandikwa kwa jina la AX.25, na mpaka leo zinatumika.

Ujumbe unakatwa vipande vidogo. Kila kipande, yaani pakiti, kinabeba mambo matatu: jina la mtumaji na la mpokeaji, maneno yenyewe, na hesabu ya kuhakikisha. Mashine inayopokea inafanya hesabu ile upya. Ikilingana, inajibu: nimepokea. Isipolingana, inatupa pakiti ile na kunyamaza, na mtumaji akikosa jibu anarudia. Hapo ndipo 16 inaacha kugeuka 13: pakiti iliyoharibika haiandikwi kwenye karatasi ya mtu, inaombwa tena mpaka ifike nzima.

Vifaa vinavyohitajika

Ni vitatu: redio, kompyuta, na modemu katikati yao. Modemu inageuza maandishi kuwa sauti mbili, moja ya hezi 1200 na nyingine ya hezi 2200, na kurukaruka kati yake mara 1200 kwa sekunde. Siku hizi programu ndani ya kompyuta, pamoja na kadi yake ya sauti, inaweza kufanya kazi ya modemu. Ukurasa wa herufi 2000 ni biti 16,000, yaani sekunde 13 au 14. Tukiongeza anwani, majibu na marudio, tuhesabu nusu dakika au zaidi kidogo.

Njia rahisi: bila kufungua redio

Sauti hizo mbili ziko ndani ya kipimo cha sauti ya mtu. Kwa hiyo redio ya VHF ya kawaida inazipitisha kupitia tundu la mikro na la spika. Waya ni nne: sauti inayoingia, sauti inayotoka, waya wa kuamuru redio itume (ule wa kitufe cha mikro), na masi.

Kwanza, sauti ya kompyuta ni kubwa mno kwa tundu la mikro. Ipunguzeni kwa rezistansi mbili, na muweke kondansateri katikati, kwa sababu redio nyingi zinatoa umeme kidogo kwenye waya wa mikro na umeme huo usirudi kwenye kompyuta. Mkisikia mvumo, wekeni transfo ndogo ya sauti kati ya mashine hizo mbili.

Pili, rekebisheni kiasi cha sauti. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mtu anadhani sauti kubwa itafika mbali, kumbe inapasuka na hakuna pakiti inayosomeka. Sikilizeni kwa redio ya pili: ongezeni polepole mpaka sauti isiongezeke tena, kisha mrudi chini kwa wazi. Wenye chombo cha kupimia watafute mtikisiko wa kilohezi 3 hivi.

Tatu, ipeni redio nafasi ya kuamka. Inapoamriwa kutuma, inahitaji muda mfupi kabla ya kutulia. Anzeni na milisekunde 300. Katika programu nyingi hiyo inaandikwa 30, kwa sababu zinahesabu kwa kumi kumi. Muda ukiwa mfupi mno, kichwa cha pakiti kinakatwa na pakiti nzima inapotea.

Njia ya pili: kufungua redio

Wanaotaka mwendo wa biti 9600 kwa sekunde hawawezi kupitia mikro. Sehemu za sauti ndani ya redio zimetengenezwa kwa ajili ya sikio: zinakata mawimbi ya chini, zinakata ya juu, zinapandisha mengine. Mtu anasikika vizuri, lakini data ya haraka inavunjika. Basi inabidi kuzikwepa.

Upande wa kupokea, waya unachukuliwa pale ambapo ishara inatoka tu kwenye diskriminata, kabla ya kusawazishwa na kabla ya kizima-kelele. Redio nyingi zina chipu ya aina ya MC3361 kwa kazi hiyo, na mguu wake wa 9 ndio mlango. Upande wa kutuma, waya unaingizwa karibu kabisa na diodi inayotikisa frekwensi, baada ya kikuza-sauti cha mikro. Tumieni waya wenye ngao, na mfupi.

Kabla ya kuchomelea chochote, tafuteni mchoro wa redio ile ile, si wa ndugu yake. Angalieni pia kama nyuma yake kuna tundu dogo la data lenye miguu sita. Redio nyingi za radioamateri za miaka ya karibuni zinalo, na lenyewe linafika mahali hapo bila kukata kitu. Na kama redio ni ya pekee mliyo nayo, msiifungue. Mwendo wa 1200 unatosha orodha ya dawa.

Mambo ya kuangalia

Joto. Mtu akiongea anapumzika, data haipumziki. Punguzeni nguvu mpaka nusu, na acheni hewa ipite nyuma ya poste. Wekeni fizibo kwenye waya wa bateri, na mwekee programu kikomo cha muda wa kutuma. Redio iliyokwama ikituma usiku inakula bateri yote na kuziba njia ya wengine.

Milima. VHF inataka kuonana. Kituo kilicho juu ya kilima kinaweza kupokea pakiti na kuirudisha hewani kwa walio upande wa pili. Foni yetu ya masafa marefu ni jambo lingine: huko mawimbi yanarudi kutoka angani kwa mwangwi, kwa hiyo pakiti inatembea kwa biti 300 tu na mara nyingi inaanguka.

Sheria. Radioamateri wa nchi yetu ana leseni na jina la kuitwa linaloanza na 9Q, na katika VHF anafanya kazi kati ya megahezi 144 na 146. Nafasi hiyo si ya shughuli za kila siku za ofisi. Kwa shughuli hizo, kanisa litumie frekwensi iliyoruhusiwa, na liombe kibali cha kutuma data humo kabla ya kuanza. Katika maeneo yetu antena mpya inaweza kuleta maswali makali. Mjulisheni chef wa eneo mapema, karatasi mkononi.

Siri. Pakiti inasomwa na yeyote mwenye redio na kompyuta, na kanuni za kimataifa zinakataza radioamateri kuficha maana ya ujumbe. Basi jina la mgonjwa, la mama aliyetendewa jeuri, au la aliyekimbia na mahali alipojificha, lisipite hewani kamwe. Tumeni hesabu: karto 16, familia 40. Majina yabebwe na mtu mwaminifu.

Kwa wale wanaotaka kujaribu: anzeni na redio mbili katika chumba kimoja, kwa nguvu ndogo kabisa, na badala ya antena muweke mzigo wa kujaribia. Tumeni orodha moja mara ishirini. Ikifika mara ishirini bila kosa, sogezeni redio moja mpaka kilima cha jirani. Na mpaka njia mpya izoeleke, fundi wa foni aendelee kuita vituo kila asubuhi kama kawaida.