Dawa ile ile, molekuli ile ile, lakini ikagoma: kisa cha fuwele iliyotikisa matibabu ya VVU

Mwaka 1998, dawa moja ya VVU iliyokuwa sokoni kwa miaka miwili tu ilianza kugoma ikiwa bado kiwandani. Kapsuli zikiwekwa kwenye kipimo cha kuangalia kama dawa inayeyuka vizuri, zinafeli. Hakuna aliyebadilisha viungo. Hakuna aliyechakachua.

Wataalamu walipochimba zaidi wakakuta jambo la kushangaza. Molekuli ya dawa ilikuwa ile ile, haijapungua wala kuongezeka hata atomu moja. Kilichobadilika ni namna molekuli hizo zilivyojipanga zikiwa pamoja.

Dawa yenyewe inaitwa ritonavir. Na kisa chake kinatusaidia kuelewa kitu ambacho kimo ndani ya vidonge vingi tunavyomeza, ila hatukioni.

Kwanza, fuwele ni nini?

Chukua punje moja ya sukari, iangalie kwenye mwanga. Utaona ina pande na kona. Hiyo ni fuwele. Imepata pande hizo kwa sababu ndani yake molekuli zimejipanga kwa mpangilio mmoja unaojirudia, kama mayai kwenye trei, trei juu ya trei.

Sasa chukua sukari hiyo hiyo, iyeyushe motoni kisha iache ipoe haraka. Unapata pipi ngumu, inang'aa kama kioo. Sukari ni ile ile, ila molekuli zake zimepoa kabla hazijapata nafasi ya kujipanga. Ziko shaghalabaghala, kama abiria kwenye daladala saa kumi na mbili jioni.

Ikumbuke hiyo pipi. Tutairudia.

Nini kinazishikilia molekuli pamoja?

Ndani ya molekuli moja, atomu zimefungana kwa nguvu sana. Ukizitenganisha, kitu chenyewe kinakufa: sukari ukiiunguza kabisa inakuwa mkaa, siyo sukari tena.

Lakini kati ya molekuli moja na jirani yake, mishiko ni midogo. Ndiyo maana sukari inayeyuka kwenye chai na bado inabaki sukari. Ulichovunja ni mishiko ya ujirani tu.

Mishiko hiyo iko ya aina kadhaa. Miwili ndiyo muhimu kwa kisa chetu:

1. Bondi ya haidrojeni. Atomu ya haidrojeni iliyofungwa kwenye oksijeni au naitrojeni inavutwa na oksijeni au naitrojeni ya molekuli jirani. Ni kama watu wawili wanaopeana mkono. Bondi hizi ndizo zinazoshikilia barafu.

2. Mvuto wa van der Waals. Huu upo kati ya molekuli zote zikikaribiana sana. Ni hafifu mno, lakini ukijumlishwa unatisha. Mwangalie mjusi kafiri anavyotembea juu ya dari. Hana gundi. Ana vinyweleo vidogo sana miguuni vinavyoigusa dari kwa ukaribu, na mvuto huo unatosha kumbeba.

Kwa hiyo fuwele ya dawa ni umati wa molekuli zilizoshikana mikono. Na hapa ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu umati mmoja unaweza kushikana mikono kwa njia zaidi ya moja.

Matofali yale yale, kuta mbili tofauti

Mfano wa karibu ni panadol, yaani paracetamol. Molekuli yake ni ndogo na rahisi, lakini inaweza kutengeneza fuwele za aina zaidi ya moja.

Kwenye aina ya kwanza, tabaka za molekuli zimekunjamana kama bati la migongo. Ukizikandamiza hazitelezi, zinakwamana. Kwenye aina ya pili, tabaka ni bapa kama karatasi za daftari, zinateleza moja juu ya nyingine.

Hiyo ina maana gani kiwandani? Aina ya pili inashindiliwa vizuri kuwa kidonge. Aina ya kwanza ni mbishi, inataka kuchanganywa na vitu vya kuishikiza. Lakini ya kwanza ndiyo imara zaidi, haibadiliki hovyo, kwa hiyo ndiyo inayotumika zaidi.

Kwa paracetamol, tofauti hiyo ni usumbufu wa kiwanda tu. Kwa ritonavir, iligusa maisha ya watu.

Kilichotokea 1998

Ritonavir iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 1996, ikiuzwa na kampuni ya Abbott kwa jina la Norvir. Miaka hiyo dawa za kundi lake ndizo zilizoanza kugeuza VVU kutoka hukumu ya kifo kuwa ugonjwa unaodhibitika.

Molekuli yake ni ndefu, ina atomu 98, na inaweza kujikunja sehemu nyingi. Ikiwa fuwele kavu haiingii mwilini vizuri, kwa hiyo kampuni iliiyeyusha kwenye mchanganyiko wenye pombe na maji, ikaufungia kwenye kapsuli. Makundi yapatayo 240 ya kapsuli yalitengenezwa bila shida. Fuwele iliyojulikana ilikuwa ya aina moja tu.

Halafu, mapema 1998, makundi yakaanza kufeli. Ndani ya kapsuli, dawa ilikuwa inajitenga na kuganda. Ilipopigwa picha kwa vifaa vya maabara, ikaonekana ni fuwele mpya kabisa. Wakaiita umbo la pili.

Tofauti ilikuwa nini? Sehemu moja ya molekuli ilikuwa imegeukia upande mwingine. Kugeuka huko kuliziwezesha molekuli kushikana kwa bondi za haidrojeni vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Ukisikia "kushikana vizuri" unaweza kudhani ni habari njema. Kwa dawa, siyo. Molekuli zilizoshikana sana hazitaki kuachana, kwa hiyo haziyeyuki kirahisi. Dawa isiyoyeyuka haipiti kwenye utumbo kuingia kwenye damu. Na kwa VVU, dawa ikiwa kidogo kwenye damu, virusi vinapata nafasi ya kuendelea kuzaliana na kujenga usugu.

Kwa nini haikuonekana mapema?

Hapa asali itatusaidia. Chupa ya asali inaweza kukaa kabatini miezi mingi ikiwa maji maji. Lakini chembe chache za sukari iliyoganda zikiingia, siku si nyingi chupa nzima inaanza kuganda. Sukari ilikuwa tayari kuganda muda wote. Ilikosa pa kuanzia.

Fuwele inahitaji mbegu. Molekuli chache lazima zikutane zikiwa zimekaa mkao sahihi, ndipo nyingine zifuate. Kwa umbo la pili la ritonavir, mkao huo ulikuwa adimu, kwa sababu molekuli ikiwa kwenye kimiminika kwa kawaida haipendi kujikunja hivyo. Wachunguzi walishuku kwamba kitu kingine kilichotokana na kuharibika kwa dawa yenyewe, chenye umbo linalofanana, ndicho kilichokuwa mbegu ya kwanza.

Mbegu ikishapatikana, kazi imekwisha. Timu ya wataalamu waliokuwa wamefanya kazi karibu na umbo la pili ilikwenda kukagua kiwanda kingine nchini Italia, ambako umbo hilo halikuwa tatizo. Muda mfupi baadaye likaibuka huko pia. Maelezo yanayokubalika ni kwamba chembe ndogo kuliko vumbi zilisafiri nao. Hazikuwa na uhai, lakini zilisambaa kama uambukizo.

Kutengeneza umbo la kwanza kama zamani kukawa kazi ngumu mno. Kapsuli zikaondoka sokoni.

Wagonjwa je?

Waliokuwa wanategemea kapsuli walihamishiwa dawa ya maji, ambayo ladha yake ilikuwa mbaya sana. Hebu fikiria kunywa kitu hicho kila siku, bila kuruka, ukijua ukiruka virusi vinashinda.

Mwaka 1999 kapsuli mpya zikaidhinishwa. Zilikuwa na sharti: zitunzwe kwenye friji. Hata dawa iliyokuja mwaka 2000 ikichanganya lopinavir na ritonavir, kapsuli zake zilikuwa na sharti hilo hilo.

Kwa mgonjwa wa Chicago, sawa. Kwa mgonjwa wa kijijini ambako hakuna umeme, au mjini ambako umeme unakatika na friji ni ya jirani, sharti hilo linamaanisha dawa ipo lakini siyo yake.

Suluhisho lilikuja mwaka 2005, na sasa turudi kwenye ile pipi. Watengenezaji waliiyeyusha dawa kwa joto pamoja na plastiki maalumu inayoyeyuka kwenye maji, kisha wakaipoza. Molekuli za dawa zikanasa humo zikiwa shaghalabaghala, haziwezi kusogeleana na kujipanga kuwa fuwele. Ukimeza, plastiki inayeyuka, dawa inaachiwa. Kidonge kikawa hakihitaji friji.

Vidonge vya namna hiyo ndivyo vilivyoweza kufika kwenye kliniki zetu. Leo watu wengi wanaoishi na VVU Afrika Mashariki wanaanza na dawa zenye dolutegravir. Lakini zile za kwanza zikishindwa, baadhi huhamishiwa mchanganyiko wenye ritonavir, pamoja na lopinavir au atazanavir. Kazi yake humo ni kulizuia ini lisiivunje haraka dawa mwenzake.

Watoto wadogo walibaki na shida kwa muda, maana kidonge hawamezi na ile ya maji ni chungu na ina pombe. Ndiyo maana vikatengenezwa vichembe vya lopinavir na ritonavir vya kunyunyizia kwenye chakula laini, vilivyofanyiwa utafiti kwa watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania.

Ritonavir hiyo hiyo ndiyo iliyoingia kwenye Paxlovid, dawa ya UVIKO-19 iliyoruhusiwa Marekani Desemba 2021. Na stori ya fuwele haikuishia kwenye umbo la pili: mwaka 2022 watafiti waliripoti umbo la tatu.

Wanazionaje molekuli hizo?

Kwa miale ya eksirei. Mwaka 1912 huko Ujerumani, Max von Laue na wenzake waligundua kwamba eksirei ikipita kwenye fuwele inatawanyika kwa madoa yenye mpangilio. Muda mfupi baadaye, Waingereza wawili, William Bragg na mwanawe Lawrence, walionyesha jinsi ya kuyasoma madoa hayo na kujua kila atomu imekaa wapi.

Mwaka 1965, Olga Kennard alianzisha Cambridge hazina ya kukusanya miundo hiyo kutoka duniani kote. Mwaka 2019 ilivuka miundo milioni moja. Leo, kabla dawa mpya haijaenda kiwandani, watafiti wanaangalia humo: molekuli zinazofanana na hii hupenda kushikana vipi? Kuna mkao imara zaidi ambao bado hatujaukuta? Baada ya 1998, swali hilo limekuwa la lazima.

Wewe inakuhusu nini?

Fuwele ya dawa ikibadilika, mara nyingi jicho halioni. Kidonge kinabaki na rangi ile ile na maandishi yale yale. Ndiyo maana mamlaka za dawa, kama TMDA Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu Kenya, hazitegemei kuangalia kwa macho. Kipimo cha kuyeyuka, kile kile kilichofichua tatizo la ritonavir, ni moja ya silaha zao.

Upande wako kuna mambo manne:

• Acha dawa kwenye pakiti au kopo lake. Unyevu unaweza kuharibu dawa, na baadhi ya fuwele hunyonya maji na kubadilika. Lile kopo lina kifuniko cha kubana kwa sababu.

• Usiiweke dirishani, juu ya friji, jikoni karibu na jiko, wala kwenye gari lililopaki juani.

• Usisage wala kuvunja kidonge bila kuuliza. Vidonge vya lopinavir na ritonavir, kwa mfano, vinatakiwa kumezwa vizima. Ukivisaga, dawa inayoingia mwilini inapungua.

• Ukihisi dawa haifanyi kazi, usiache na usiongeze dozi mwenyewe. Rudi kliniki, ukiwa na pakiti yake mkononi.

Na siku nyingine ukichukua dawa dirishani, kabla hujaondoka muulize mfamasia swali hili moja: "Hii nikifika nyumbani naiweka wapi?" Jibu lake linatokana na majaribio ya miezi mingi ya kuhakikisha kwamba molekuli zilizoingia kwenye kidonge zitabaki zimekaa vile vile mpaka siku utakapokimeza.