Kura za mchujo: Majina ya Agosti 2027 yataamuliwa mapema, na si na kila mpiga kura

Uchaguzi Mkuu ujao utafanyika Jumanne, 10 Agosti 2027. Hiyo ndiyo Jumanne ya pili ya Agosti ya mwaka wa tano, jinsi Katiba inavyoelekeza. Mpiga kura atapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Majina yatakayokuwa kwenye karatasi hizo yatakuwa yamepatikana miezi kadhaa kabla, na mengi yatakuwa yametoka vyamani.

Wakazi wengi hulichukulia jambo hilo kuwa la wanasiasa wenyewe. Lakini katika maeneo ambayo ni ngome ya chama kimoja, mshindi wa mchujo huanza kuitwa mheshimiwa kabla kampeni hazijafunguliwa rasmi. Anayengoja Agosti ili atoe uamuzi wake hujikuta anachagua kati ya majina ambayo wengine wamekwisha kumchagulia.

Chukua mfano wa kubuni wa wadi yenye wapiga kura 12,000. Wanachama 3,000 wa chama kinachopendwa pale wanajitokeza kwenye mchujo wenye wawaniaji sita. Anayepata kura 900 anaweza kuwashinda wenzake watano na kutunukiwa cheti. Ikiwa chama hicho hakina mpinzani wa kweli katika wadi hiyo, watu 900 ndio watakaokuwa wamemchagua mwakilishi wa watu 12,000 na familia zao. Mwakilishi huyo ndiye atakayepitisha bajeti ya kaunti, kukagua kazi ya gavana na mawaziri wake, na kupigania zahanati, barabara ya mtaa na basari. Kenya ina wadi 1,450, na hesabu ya namna hii hujirudia katika nyingi.

Uanachama ndio tiketi ya kuingia

Kura ya Agosti inahitaji mtu awe kwenye daftari la IEBC. Mchujo wa chama unahitaji zaidi ya hilo, kwa kuwa wanaoshiriki ni wanachama. Mabadiliko ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2022 yalitambua njia mbili za uteuzi. Ya kwanza ni ya moja kwa moja, ambapo wanachama wenyewe hupiga kura. Ya pili ni isiyo ya moja kwa moja, ambapo uamuzi huachiwa wajumbe au hufuata utaratibu mwingine uliowekwa katika kanuni za chama. Chama hakilazimiki kutumia njia moja kila mahali. Kinaweza kupigisha kura katika wadi moja na kutumia wajumbe katika wadi jirani, mradi kanuni zake zinaruhusu.

Sheria hairuhusu mtu awe mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo wengi hukwama bila kujua. Mnamo Juni 2021, Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa ilipowawezesha wananchi kukagua uanachama wao kupitia eCitizen, Wakenya wengi walipigwa na butwaa kukuta wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Wengine walikuwa watumishi wa umma, ambao kazi yao inawataka wasiegemee upande wowote. Si jambo dogo. Mtu aliyeandikishwa kwingine bila idhini yake anaweza kukosa jina lake katika sajili ya chama anachokipenda siku ya mchujo. Na akitaka kuwania kama mgombea huru, anaweza kuwekewa pingamizi kwamba bado ni mwanachama.

Dawa yake si ngumu. Mkazi huingia kwenye akaunti yake ya eCitizen, hutafuta huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, na kuona kama jina lake liko kwenye chama chochote. Akikuta ameandikishwa asikotaka, anaweza kujiondoa. Ambaye hana simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma. Kujiuzulu chamani hufanywa kwa maandishi. Kusema hadharani kwamba umehama, au kuvaa kofia ya rangi nyingine kwenye mkutano, hakukuondoi kwenye sajili.

Ukaguzi huu haufai kungojewa hadi dakika za mwisho. Sheria ya Uchaguzi inavitaka vyama viwasilishe orodha za wanachama wao kwa IEBC angalau siku 120 kabla ya uchaguzi. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka 10 Agosti 2027, unafika 12 Aprili. Tarehe kamili za kila hatua hutangazwa na IEBC katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hizo ndizo za kufuata.

Vyama hupiga hesabu gani?

Kazi ya chama ni kushinda viti, na njia inayochaguliwa ya kumpata mgombea hufuata hesabu hiyo. Kura ya wanachama humpa mshindi nguvu ya kusema amechaguliwa na watu. Lakini ni ghali, huleta uhasama, na hukiacha chama na majeruhi ambao huenda wakahama na wafuasi wao. Kwa sababu hiyo vyama hupenda kuwakutanisha wawaniaji kwanza ili watafute maelewano, ambapo mmoja huachiwa kiti na wengine huahidiwa nafasi nyingine. Vyama vingine huagiza kura za maoni na kumpa anayeongoza tiketi ya moja kwa moja. Njia hizi hupunguza fujo. Pia hupunguza idadi ya watu wanaohusishwa, na mkazi ana haki ya kuuliza kura hiyo ya maoni ilifanyiwa wapi na waliohojiwa walikuwa kina nani.

Miungano nayo ina hesabu yake. Vyama viwili vya muungano mmoja vikisimamisha wagombea katika kiti kimoja, hugawana kura na mpinzani akapenya katikati. Ndiyo maana kuelekea uchaguzi wa 2022, Azimio na Kenya Kwanza pia, walijadiliana kuhusu kuachiana maeneo ili pande zao ziwe na mgombea mmoja kwa kiti. Mwanachama wa chama kilichoombwa kuondoka hujikuta hana mgombea wake debeni, ingawa chama chake kiko hai.

Kuna pia hesabu ya mgombea mwenza. Kila mwaniaji wa ugavana humteua mtu atakayekuwa naibu wake, na nafasi hiyo hutumiwa kusawazisha tiketi: eneo moja likitoa gavana, jingine hutoa naibu. Makubaliano hayo hufanyika mapema, mara nyingi katika vikao vya wazee na viongozi, na huwa yamefungwa muda mrefu kabla mpiga kura wa kawaida hajaulizwa.

Hesabu isiyozungumzwa sana ni ya kalenda. Katiba inataka mgombea huru awe si mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Mwaka 2022 vyama vilitakiwa kukamilisha mchujo kufikia 22 Aprili, na uchaguzi ulikuwa 9 Agosti. Aliyeshindwa alikuwa na takriban wiki mbili tu za kuamua kama atabaki au atatoka asimame peke yake. Mchujo ukisogezwa mwisho kabisa wa muda unaoruhusiwa, mlango huo huzidi kuwa mwembamba, na wapanga mikakati wa vyama wanalijua hilo vyema.

Mchujo unapovurugika

Mwaka 2017 ulikuwa funzo kwa vyama vikubwa vyote. Tarehe 21 Aprili mwaka huo, Jubilee, iliyokuwa chama tawala, ililazimika kuahirisha mchujo wake baada ya karatasi za kura kuchelewa au kupungua katika vituo vingi, huku watu wakiwa wamejitokeza kwa wingi. Ilibidi zoezi lirudiwe. Kwa upande wa ODM, mchujo wa ugavana Busia ulizua mzozo mkali, na Paul Otuoma akatoka akawania kama mgombea huru. Hakushinda mwaka huo. Alirudi 2022 kwa tiketi ya ODM na akachaguliwa gavana.

Wapo waliosimama peke yao na wakafika. Mwaka 2017, Laikipia na Isiolo zilichagua magavana waliokuwa wagombea huru, Ndiritu Muriithi na Mohamed Kuti. Mwaka 2022, Meru ilimchagua Kawira Mwangaza. Anayetaka kuwania uwakilishi wadi bila chama anahitaji kuungwa mkono na angalau wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Wa ubunge anahitaji 1,000 wa eneo bunge lake, na wa useneta 2,000 wa kaunti.

Malalamiko mengi kuhusu mchujo hupelekwa mahali pasipofaa. Wakazi hulalamika kwa chifu, kwa msimamizi wa wadi, hata katika afisi za kaunti. Serikali ya kaunti haina mamlaka yoyote juu ya uteuzi wa vyama. IEBC nayo haisimamii mchujo isipokuwa chama chenyewe kiiombe. Mlalamishi huanza ndani ya chama, katika kamati yake ya kusuluhisha mizozo, ambayo sheria inaipa siku 30 kumaliza mizozo ya uteuzi. Asiporidhika, huenda katika Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa (PPDT), akiwa na ushahidi kwamba alijaribu kwanza chamani. Kutoka hapo anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Kamati ya IEBC hushughulikia mizozo inayozuka baada ya wagombea kuwasilisha stakabadhi zao kwa tume, na hutakiwa kuamua ndani ya siku 10. Anayepeleka kesi ya mchujo huko moja kwa moja hupoteza siku ambazo hana.

Orodha ambazo wengi hawazioni

Si wote wanaoketi katika bunge la kaunti waliopigiwa kura katika wadi. Katiba inataka wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili ya wabunge wa bunge hilo, na pia inatenga nafasi za makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Viti hivyo hugawanywa kwa vyama kulingana na idadi ya viti vya wadi ambavyo kila chama kimeshinda, na hujazwa kutoka kwenye orodha ambazo vyama huwasilisha kwa IEBC angalau siku 45 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa 2027, siku hizo zinaangukia 26 Juni.

Hapa ndipo usiri huwa mkubwa kuliko kwingine. Wanaowania wadi hujulikana kwa sura na mabango. Wa kwenye orodha huenda wakajulikana baada ya kuapishwa, na malalamiko ya jamaa na wandani wa viongozi kujazwa humo yamekuwa yakisikika baada ya kila uchaguzi tangu ugatuzi uanze 2013. Vikundi vya wanawake, vya vijana na vya watu wenye ulemavu vinavyotaka mtu wao awe kwenye orodha vinapaswa kuanza kukizungumzia jambo hilo na matawi ya vyama sasa, kwa sababu orodha ikishafika kwa tume nafasi ya kuibadilisha ni finyu mno.

Tarehe nyingine inawahusu watumishi wa umma, wakiwemo wafanyakazi wa kaunti. Anayetaka kuwania kiti anatakiwa kujiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi, yaani mapema Februari 2027. Sharti hilo haliwahusu gavana, naibu gavana, wabunge wala wawakilishi wadi walio ofisini.

Kwa anayetaka kupiga kura ya mchujo, hatua ya kwanza ni ile ya eCitizen. Ya pili ni kufika katika afisi ya tawi la chama chake na kuuliza ni njia gani ya uteuzi itakayotumika katika wadi yake, na kama itakuwa ya wajumbe, wajumbe hao watachaguliwa lini na na nani.